Sugua Unapopenda

Sikilizeni vizuri, kwa sababu nikimaliza nitauliza, na "sijui" siipokei.

Walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Ondieki alikuwa na jicho la mawe: akiingia machimboni kule Tabaka, alijua jiwe la sabuni, lile laini la kuchonga, lipi litachongeka na lipi litapasuka. Kemunto alikuwa na mkono wa kuchonga. Nyanchera, mfumaji wa vikapu, alikuwa na subira. Akishika jambo haliachi hadi liishe.

Kemunto alikuwa na shuku pia, na hicho si kipaji. Alichongea chini ya upenu wa jiko la mama yake, na mama alikuwa amechoka kula ugali wa wimbi wenye vumbi la jiwe. Alikwisha kumwambia atafute pa kwenda. Basi ukumbi mmoja wa sanaa mjini Kisumu ulipotangaza kwamba una karakana tupu ya kumpa mtu mmoja tu, Kemunto alikosa usingizi.

Ondieki akamletea jiwe. Kemunto akachonga mwanamke aliyeketi, akampeleka ukumbini bila kumlainisha, kisha akaweka kando yake beseni la maji, vipande vya msasa na kibao: SUGUA UNAPOPENDA. Wageni wa ukumbi ndio wangemalizia kazi.

Wageni wakasugua mabega, magoti, vidole. Lakini kila Kemunto alipopita aliona shavu la kushoto limeliwa kuliko pengine. Kuna mtu ananiharibia, akawaza. Akajibanza nyuma ya nguzo, akamwona Nyanchera. Kesho yake akamwona tena, shavu lile lile, na kabla ya hapo mlangoni alikuwa akicheka na Ondieki kwa Kikisii. Kumbe wamepanga, akajiambia, na hasira zikampanda.

Alipomwendea amshike mkono, Nyanchera alikuwa ndiyo kwanza amelimwagia shavu maji. Palipokuwa peupe pakatokea mshipa mwekundu, kutoka jichoni hadi kidevuni. Jiwe lilikuwa linalia.

Bi Awuor, mkuu wa ukumbi, akatangaza kwamba karakana atapewa aliyeleta lile chozi.

Ondieki akasema ni yeye. Mshipa aliuona machimboni akanyamaza, maana wachongaji hulikataa jiwe la namna hiyo. Kemunto akamuuliza kama hilo lilikuwa jicho au hila, kwa kuwa jiwe lingeweza kumpasukia mikononi.

"Lilipasuka?" akauliza Ondieki.

Kemunto naye akasema ni yeye. Angeligeuza jiwe kidogo tu, mshipa ungeangukia mgongoni. Ondieki akataka kujua kama alipolichonga aliujua huo mshipa. Kemunto akatazama beseni. Hakuwa ameuona, na aliona haya.

Kisha akamgeukia Nyanchera, akamuuliza aliyemtuma ni nani.

"Sikutumwa, dada. Kibao chako kimesema nisugue ninapopenda. Mama yangu alipokuwa mgonjwa, nilikuwa nikimfuta shavu hili. Hapa ndipo ninapopenda."

Kemunto alikuwa ameandika akimaanisha popote mtu atakapo. Haikumpitikia kwamba neno lake lingesomwa vile. Machozi yakamlenga, ila shuku haikumtoka: mfuma vikapu anataka karakana ya nini? Nyanchera akajibu kwamba tangu alipolishika jiwe lile, vikapu havimkai tena mikononi. Na kule kucheka na Ondieki mlangoni je? Akasema humsalimia kwa kuwa ni mtu wa kwao. Huenda ni kweli.

Bi Awuor ameshika ufunguo, na ufunguo ni mmoja. Aliyeleta mshipa aliuficha. Aliyeupa shavu hakuujua. Aliyeutoa nje alisoma kibao kivyake. Na huko nyumbani, mama ameshaanika wimbi lake chini ya upenu, pale pale Kemunto anapochongea.

Haya, msitazamane. Wewe ungempa nani ufunguo?