Mkeka wa Komba

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyua na majirani na maneno ya uani kama sisi, ulisikika ukelele usiku wa manane. Nyeee! Nyeee! Mama Digidigi akashtuka, akamkumbatia mwanawe, akatazama, kumbe Chui amekwisha kupenyeza mkono dirishani! Ule ukelele ulimtimua Chui mbio.

Aliyelia ni Komba. Mnamjua Komba, wanangu? Yule anayekunywa mnazi mpaka anadondoka mtini, puh, hana kwake, analala popote usingizi unapomkuta.

Basi Mama Digidigi akajenga kibanda ubavuni mwa nyumba yake, akawa anakoroga uji kila asubuhi, na Komba na walevi wenziwe wanakuja, wanakunywa, wanajilaza, na wengine wakaanza kuusahau mnazi, leo wamesahau, kesho wamekumbuka, keshokutwa wamesahau tena.

Mtaa ukawaka. Nyati alilalamika kwamba watoto wataharibika. Kiboko alidai nguo zake zimeibwa kambani, ingawa tangu azaliwe hakuna aliyemwona Kiboko na nguo. Wakafanya kikao bila kumwita mwenye kibanda, wakamletea uamuzi tu: jua likichomoza, wanakuja kukivunja.

"Wapeleke kwingine," Nyati alimwambia.

"Wapi, baba?"

"Kwingine. Pasiwe kwetu."

Mama Digidigi aliingiwa na hofu, maana miguu yake vijiti, na Nyati akikanyaga mara moja tu, yeye na mtoto na sufuria kwisha. Lakini akajiambia: naogopa, ndiyo, naogopa sana, na kibanda hakivunjwi.

Asubuhi, kishindo, du, du, du, wakaja na mashoka, mtaa mzima nyuma yao. Wakamkuta Mama Digidigi mlangoni pa kibanda, ameketi mkekani, kanga kichwani, analia kwikwikwi. Mbele yake Komba amelazwa, amefunikwa shuka gubigubi.

Sasa, mtaa ule ulikuwa na desturi. Penye msiba hapavunjwi kitu. Anayefika huketi mkekani, humtaja marehemu kwa wema, na neno lililotamkwa mkekani halirudi. Nyati akamtazama Kiboko. Wakatua mashoka, wakaketi.

Kiboko alianza. Alisema marehemu hakuwa na kiburi, hata akilewa alivisalimia visiki na kuviuliza habari za nyumbani. Majirani wakatikisa vichwa kwa huzuni.

Nyati akakohoa. Akakumbuka kwamba nyumba ya pili kutoka kwa Digidigi ni yake, na yeye pia ana ndama wachanga, na Chui hana mipaka. Machozi yakamtoka, tiririri.

"Komba, ndugu yangu, ulitulinda nasi tukakufukuza. Laiti ungekuwa hai, kibanda hiki ningekijenga kwa matofali, kwa mikono yangu."

"Mmesikia?" Mama Digidigi aliuliza.

"Tumesikia," majirani wakaitikia.

"Hata mimi nimesikia," likasema shuka. Komba akaketi, akapiga chafya, chya! akauliza kama uji umeiva.

Nyati akaruka wima, pua zinafuka. "Umetudanganya!"

"Nani alisema amekufa, baba? Mimi nililia tu, na mtu akijiwa na mashoka asilie?" Mama Digidigi hakurudi nyuma hata kwato moja. "Neno marehemu mmelisema ninyi. Na mkeka huo, bado umeukanyaga."

Nyati akatazama chini, akatazama majirani, akashuka mkekani polepole. Siku ile ile akaanza kufyatua matofali.

Wanangu, jirani mpeni mahali pa kulala angali hai, msingoje kumlilia.

Jioni Nyati alileta tofali la kwanza, akainama mpaka sikioni pa Mama Digidigi, akamsihi kwa kunong'ona: nyati wa ng'ambo ya mto wasije wakajua kwamba alimlilia mlevi.

"Dirisha liwe na komeo, baba," alimjibu, "na mimi simwambii mwingine."