Mkono wa Nyani na Masharti ya Kindi

Haya jamani, naianza!

— Ianze!

Nikitia chumvi?

— Tutalamba!

Nikitia nyingi?

— Tutakunywa maji!

Basi tulieni. Na wewe unayetafuna muwa hapo nyuma, tafuna polepole nami nisikike.

Palikuwa na chuo cha wanyama ng'ambo ya mto. Kina madarasa, kina jiko, kina uwanja. Kina hata timu ya besiboli. Mnaijua besiboli? Mmoja anasimama juu ya kichuguu, anarusha mpira. Mpinzani anasimama mbali kidogo na gongo lake, anataka kuupiga upotelee porini. Nyuma ya mwenye gongo anachuchumaa mdakaji, anaudaka ukipita. Gongo likikosa, raha yenu. Gongo likipata, mtajiju. Hayo mengine mtajifunza wenyewe.

Mrushaji alikuwa Nyani. Alikuwa na mkono huo! Mrefu, mnene, unafika magotini. Mdakaji alikuwa Kindi, kitu kidogo hivi, mkia mkubwa kuliko mwenyewe.

Sasa, chuoni pale palikuwa na desturi. Timu ikishinda, aliyerusha anapewa mkungu wa ndizi kutoka jikoni. Mkungu mzima! Nyani akaona, kumbe? Basi mechi ya leo anarusha Nyani. Mechi ya kesho anarusha Nyani. Mazoezini anarusha Nyani. Ngedere, mrushaji wa akiba, akisema, "Kaka, nami nijaribu," Nyani anamjibu, "Wewe shika maji, mdogo wangu."

Mwanzoni mpira ulikwenda whuuu! pa! Kindi anapuliza kiganja. Ukaja kwenda whuu, pa. Halafu fyooo... kong'o! Porini. Fyooo... kong'o! Porini. Nyani akashikwa na mafua, akalala siku kadhaa. Aliporudi, whuuu! pa! Kisha tena fyooo... kong'o! Mashabiki wakachanganyikiwa. Leo tunaruka, kesho tunalia, kwani kuna nini?

Kuna nini! Mkono umechoka, hata mtoto anaona. Lakini wale jamaa timu ikifungwa hawaulizi habari za mkono. Wanauliza, nani ametufanyizia?

Ikaitwa kamati ya ufundi, ile inayoshughulika na waganga. Mwenyekiti wake nani? Nyani huyohuyo. Akatangaza, "Uwanja una kitu. Leteni majembe!"

Chaku, chaku, chaku! Wakafukua pembeni, hakuna. Chaku, chaku, chaku! Wakafukua katikati, hakuna. Wakafukua kichuguu cha mrushaji, wakatoa furushi la majani. Ndani yake, karanga.

Karanga zilikuwa za Kindi. Kindi wote ndivyo walivyo, wanafukia akiba halafu wanasahau walikoifukia.

"Za nani hizi?" Nyani akanguruma. "Nani anafukiafukia hapa? Kindi! Mchawi ndiye huyu!"

Di! Di! Di! Akaja Tembo, mkuu wa chuo. "Kindi mwanangu, mambo gani haya?"

Kindi aliogopa, sitawaficha. Msitu wao ulikuwa umefyekwa wote. Mama yake na wadogo zake walilala darini, juu ya jiko la chuo, kwa sababu tu yeye ni mwanafunzi. Akifukuzwa, wote wako nje. Na akisema hizi ni karanga tu, nani atamwamini?

"Shikamoo, mzee," akasema. "Ni kweli. Nimefukia mimi."

"Haaa!" uwanja mzima.

"Lakini siyo ya kuturoga, mzee. Ni dawa ya ukoo wetu, ya kuipa timu nguvu. Tatizo ni kaka Nyani. Anavunja masharti."

Nyani akakohoa. "Masharti yapi?"

"Mkono uliorusha mechi hii, mechi inayofuata usiguse mpira. Hata mazoezini usiguse. Ukigusa, linaanza kuuma bega. Kisha kinauma kiwiko. Kisha mkono wote unakauka, unakuwa kuni."

Nyani akashika bega. Linauma. Akashika kiwiko. Kinauma.

"Mama yangu wee!" akalia. "Na ndizi je?"

"Ndizi anapewa aliyerusha."

Nyani akautazama mkono. Akazifikiria ndizi. Akautazama mkono tena.

Tembo akasema, "Zimebaki mechi mbili na timu ya Viboko. Tukishinda zote, Kindi abaki. Tukifungwa hata moja, yeye na ndugu zake washuke darini, waende zao."

Mechi ya kwanza akarusha Ngedere. Nyani alikuwa pembeni, ameukalia mkono wake usije ukamponyoka. Whuu, pa. Whuu, kong'o! Whuu, pa. Wakashinda kwa taabu, lakini wakashinda. Ngedere akapewa mkungu, akala, akagawa, na mama yake Kindi akapelekewa chane nzima darini.

Mechi ya pili Nyani akapanda kichuguu, akamwita Kindi.

"Mdogo wangu, nirushe kweli? Haukauki?"

"Rusha, kaka. Leo una ruhusa."

Whuuu! pa! Whuuu! pa! Kiboko wa kwanza akapiga hewa. Kiboko wa pili akapiga hewa. Wa mwisho alikuwa baba lao, akazungusha gongo kwa nguvu zote, akazunguka nalo, akaketi chini bwata! Kwisha habari.

Wengine walikimbilia kumbeba Nyani. Kindi alikaa palepale vumbini, akavua glavu, akalia kwa furaha. Mama yake akachungulia kutoka darini.

"Mwanangu, tunabaki?"

"Tunabaki, mama! Tandika, tulale."

Mngedhani Nyani alijifunza. Wapi! Alipomaliza mkungu wake akaanza kunong'ona, "Mbona mkono haujakauka? Masharti yenyewe yameisha muda." Akarusha mechi iliyofuata. Akarusha na iliyofuata. Fyooo... kong'o! Porini. Bega likamuuma, akamkimbilia Kindi.

"Mdogo wangu, nisamehe, nakauka!"

"Ukalie mkono, kaka."

Akaukalia, timu ikashinda. Iliposhinda, akasahau. Aliposahau, ikafungwa. Ndiyo maana mpaka leo warushaji wa chuo kile wiki hii ni moto, wiki ijayo ni majivu, na wataalamu wanakuja na miwani kutafuta sababu.

Yangu nimeitua.

— Tumeipokea!

Iliyokolea chukueni, iliyozidi chumvi niachieni.

— Na funzo?

Funzo mnalitaka pia? Msiende kumwambia mtu kwamba mkono unahitaji kupumzika, mtaonekana wajinga. Funzo ni hili: ukisingiziwa kosa, usibishane. Likubali upesi, kisha wape masharti.