Chazo Kinywani mwa Nyangumi

Zamani hizo, wanangu, viumbe wa baharini walipokuwa na nyumba na majirani kama sisi, kwenye maji baridi ya kusini aliishi mjane, Bi Sili, mnyama wa bahari apandaye juu kuvuta hewa. Watoto wake wawili walikuwa wameliwa na Nyangumi. Amebaki mmoja, bado ananyonya.

Kila asubuhi Bi Sili alizama, chubwi, kutafuta chakula. Nyangumi alimsubiri juu mpaka akachoka. Hakujua Bi Sili anafika wapi wala atatokea wapi.

Nyangumi akamwita Chazo, yule samaki mdogo anayejigandisha kwenye miili ya wakubwa.

"Jigandishe kwa Sili. Uniletee habari anazama mpaka wapi. Ukikataa, nakula ukoo wako wote."

Chazo akaenda. Siku tatu alishuka na kupanda na Bi Sili, gizani, kwenye baridi ya kuumiza. Siku ya tatu akasema, "Bibi, nisamehe. Nimetumwa na Nyangumi nikupeleleze."

Bi Sili akasema, "Basi nimekwisha, mimi na mwanangu."

"Nyangumi aweza kufika kule chini?" Chazo akauliza.

"Kufika atafika. Pumzi ya kurudi hana."

"Basi kesho zama kama kawaida. Usigeuke nyuma."

Chazo akarudi kwa Nyangumi. "Bwana mkubwa, kule chini kuna pango, na ndani yake mna hewa. Ndiyo maana anakawia. Ukiziba mlango, umempata."

"Una hakika?"

"Nimeivuta hewa hiyo mwenyewe."

Kwa tamaa yake, Nyangumi hakukumbuka kwamba samaki havuti hewa. Lakini akasema, "Utakaa kinywani mwangu unielekeze."

Chazo hakulitegemea hilo. Akawafikiria watoto wake, akaingia.

Asubuhi wakamfuata Bi Sili. Chini, chini, mpaka mwanga ukatoweka.

"Bado?"

"Bado kidogo, bwana mkubwa."

Kifua kikaanza kumbana Nyangumi. Wakafika pangoni. Maji matupu.

"Hewa iko wapi?"

"Hakuna," Chazo akajibu. "Haijawahi kuwepo."

Nyangumi akafumba kinywa, kwap, Chazo akiwa ndani, akageuka kupanda. Hakufika.

Bi Sili alitokea juu peke yake; kule chini alikuwa ameisikia sauti ya Chazo ikitoka kinywani mwa Nyangumi. Akamnyonyesha mwanawe, kisha akaenda kumpa mke wa Chazo habari. Walikaa pamoja kutwa nzima.

Anayemtisha mnyonge ili awe macho yake, ataoneshwa njia ya kaburi lake.