Kiboko Aliyeogopa Kukimbiwa na Ngozi Yake

Paukwa!

Pakawa!

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo!

Basi yashikeni vizuri, yasije yakadondoka kwa haya nitakayosema.

Hapo kale palikuwa na Kiboko, mnene, mchoyo, hana haya. Kiangazi kikakausha mabwawa yote, likabaki dimbwi moja la matope. Kiboko akajitupa humo, pwaa! Akalijaza lote. Na humo humo walikuwamo watoto wa Chura, viluwiluwi wasio na miguu, wanakandamizwa.

"Mzee, sogea kidogo, wanangu watakufa!"

"Wafe! Dimbwi langu, matope yangu!"

Mmesikia hiyo? Chura akameza uchungu. "Kweli, Mzee. Ila mkubwa kama wewe kujificha matopeni, nani atakuona? Panda jiwe lile, wakuone wote."

Kiburi kikampanda, naye akapanda jiwe. Jua likawaka, yeye akakoroma, khorr, khorr, mpaka jioni.

Kuamka, lahaula! Mgongo mwekundu pyu, unachoma. Akalala, akaamka: umevimba. Akalala tena, akaamka: ngozi inabanduka vipande vipande!

"Yarabi! Nani ananichuna?"

"Hakuna anayekuchuna, Mzee," akasema Chura. "Ngozi yako ni mji wa chembe, watu wadogo wadogo wasioonekana. Jua limewajeruhi. Walioumia kidogo wanajishona. Walioharibika kabisa wanajiua, wasije wakaharibu wenzao. Wengine wanatandaza rangi nyeusi, iwe mwavuli wao."

Kiboko akatoa macho. "Wanajiua? Kwa ajili ya wenzao? Humu mwilini mwangu mimi? Nani kawaruhusu?" Tangu azaliwe hajapata kushtuka hivyo.

"Hawakuomba ruhusa. Tena wanasema, ukirudi kwenye dimbwi hili wanahama wote, ubaki nyama tupu."

Weee! Kiboko mbio, gudu gudu gudu, mpaka mto mkubwa wa mbali. Huko mgongo ukapona wenyewe, mweusi tii. Na yeye, mjinga yule, akatuma shukrani kwa mganga wake Chura! Salamu zilipofika, viluwiluwi walishaota miguu, wanaruka, chubwi, chubwi!

Hadithi imekauka, msimulizi anataka maji. Na funzo lake? Ukiwa mkubwa, wabanie wadogo dimbwi lote, usisogee hata kidogo. Kisha nenda kaanike mgongo.