Ndama wa Mabaka

Tegeni masikio, maana mwishoni mimi nitanyamaza na hukumu itakuwa yenu.

Palikuwa na makarani watatu, kila mmoja hodari wa kuihoji kompyuta ya ofisi yake. Kalunde aliijua ya kata, inayoandikisha mifugo. Limbu aliijua ya mnadani, Ndalahwa ya machinjioni. Hata swali likiwa lilelile, kila kompyuta ilitaka kuulizwa kivyake.

Nyamizi, mjane, akaibiwa Mabaka, ng'ombe wake pekee, tena mwenye mimba. "Atakayenirudishia, ndama ni wake," aliapa. Moyoni hakumwamini mtu. Mwizi wa ng'ombe hakosi mwenyeji.

Kalunde aliuliza kwa jina la mwenye mali, akapata namba ya hereni ya Mabaka, ile anayovishwa ng'ombe sikioni. "Mbona upesi hivi?" Nyamizi akawaza.

Limbu aliuliza kwa namba ile, akaona Mabaka kauzwa jana na kupelekwa machinjioni. Akampigia simu Ndalahwa: "Huko kwenu huwa mnaongeza tarakimu mwishoni mwa namba. Basi iandike, umalizie na kinyota. Kinyota maana yake 'na chochote kinachofuata'."

Ndalahwa akafanya hivyo, Nyamizi keshafika machinjioni, kasimama mbele yake. "Hakuna, mama," akasema, akijifuta jasho.

Nyamizi akamkazia macho. Jasho la nini, na feni inazunguka?

"Miaka sita uko hapa, mwanangu, leo unafundishwa kuuliza na mtu wa mnadani?" Akaketi mlangoni. "Sitoki. Uliza kwa namna ya kwenu."

Ndalahwa akafuta kinyota, akaweka alama ya asilimia, ambayo kwa kompyuta yake ndiyo yenye maana ya 'na chochote kinachofuata'. Mabaka akatokea: wa tatu kwenye foleni ya asubuhi ileile. Ndalahwa akatimua mbio, akaishika kamba yake kisu kikinolewa.

Mabaka akazaa jike. Makarani wakaja.

"Bila namba yangu mngemtafuta nani?" akasema Kalunde.

"Bila mimi mngemtafutia wapi?" akasema Limbu.

"Nimemtoa kisuni mimi," akasema Ndalahwa.

Nyamizi alimtazama huyo wa mwisho. "Hakuna" ile ya kwanza ilimuuma bado. Kama alipitiwa, kumnyima ni dhuluma. Kama alificha, kumpa ni kumlipa mwizi. Na yeye mwenyewe, asingeketi mlangoni, ng'ombe angekuwepo?

Kamba ya ndama ingali mkononi mwa Nyamizi. Haya, mliosikia: mngemkabidhi nani?