Majeraha ya Fundi Ambakisye

Nipeni masikio, wakubwa kwa wadogo. Nina kesi ya watu watatu na zawadi moja. Imenishinda kuamua, ndiyo maana nimeileta kwenu.

Katika mji mmoja mdogo wa milimani, kule kwenye mashamba ya chai na mvua isiyochoka, waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza, Atuganile, mkaanga maandazi, alijaliwa masikio. Akiwa jikoni kwake alijua nyumba ya tatu wanagombania nini. Wa pili, tabibu Kyando wa kituo cha afya, alijaliwa macho. Ukimwonyesha kidonda alikutajia kilichokuumiza hata kabla hujaketi. Wa tatu, Koplo Stamili, askari wa dawati la jinsia na watoto pale polisi, alijaliwa mkono wa kuandika. Ulichosema ndicho alichoandika, haongezi chumvi wala hapunguzi, na hakimu akisoma maelezo yake alijiona kama alikuwapo.

Vipaji vizuri, sivyo? Ngojeni sasa.

Mjini humo alikuwapo fundi seremala aitwaye Ambakisye, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini. Mkewe, Sekela, alikuwa mdogo wake Atuganile, na nyumba zao zilitumia ukuta mmoja. Sekela alimpiga mumewe. Nalisema mapema ili asije mtu akacheka katikati ya hadithi. Alimpiga kwa mpini wa jembe, kwa pasi, kwa chochote kilichokuwa karibu, kwa miaka sita. Ambakisye hakuwahi kurudisha hata kofi. Aliogopa nguvu za mkono wake mwenyewe, na zaidi ya hapo aliogopa watu watasema nini.

Sasa seremala ana balaa moja: kila jeraha lake lina kisingizio. Jicho likivimba, Ambakisye alisema ubao umemrukia. Mbavu zikiuma, ameteleza kwenye paa. Kidole kikivunjika, ni nyundo. Mji ukaamini. Watu wakaanza kunong'onezana kwamba huyu fundi hajui kazi, kwani fundi gani hujigonga kila mwezi? Wateja wakahamia kwa wengine. Naye akanyamaza, kwa sababu aliona afadhali aitwe fundi mbovu kuliko mume anayepigwa. Aliipenda kazi yake kuliko kitu chochote, na aliichafua kwa mdomo wake mwenyewe.

Asubuhi moja aliuliza unga umekwisha lini. Hilo tu. Alipoinama kufunga viatu, Sekela alimmwagia sufuria nzima ya maji ya moto, mgongoni na mkono wa kulia. Ambakisye alipiga ukelele. Sekela akaiweka sufuria chini taratibu, akasema, "Jioni ukirudi, ni usoni."

Ambakisye alikwenda kituo cha afya kwa miguu, akiwa amelishika shati lisiguse mwili. "Gundi ya moto imenimwagikia, daktari," alisema.

Kyando aliutazama mgongo. "Fundi, gundi hushika ngozi ikaganda. Haya ni maji. Na hakuna mtu anayejimwagia maji mgongoni."

Kyando akavuta faili la fundi. Mara tano alikuwa amemtibu mtu huyu, na mara tano aliandika "ajali kazini." Ukweli ni kwamba macho yake yaliona tangu siku ya kwanza. Hakusema, akidhani anamsitiri mwanamume mwenzake. Siku hiyo, baada ya kumfunga vidonda, alikaa akaandika barua: kwamba mtu huyu ameunguzwa na mtu mwingine, kwamba majeraha matano ya nyuma nayo hayakuwa ya kazini, na kwamba yeye Kyando aliandika uongo. Alijua mganga mkuu angemwita kujieleza, na kweli aliitwa, akashushwa cheo. "Peleka polisi hii," alisema. "Wakupe fomu yao, nami nitaijaza hivi hivi."

Barua ikaingia mfukoni. Lakini kaunta ya polisi ilikuwa na foleni ya watu kumi, na askari wa zamu alikuwa na sauti ya mnadani. "Shida gani, fundi?"

Ambakisye aliwatazama watu wale kumi, wengi wao aliwatengenezea vitanda. "Nimeibiwa randa," alisema.

Askari akafungua kitabu aandike wizi wa randa. Hapo ndipo sauti ikatoka nyuma.

"Hakuna randa iliyoibiwa!" Alikuwa Atuganile, mikono bado ina unga. "Shemeji yangu anapigwa na mdogo wangu."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Basi mpeni kanga avae!" Ambakisye alitamani sakafu immeze. Atuganile alikuwa analia, ila hakuacha kusema. "Chekeni. Mimi nimesikia miaka sita, na leo nimesikia akimwambia jioni ni usoni. Kila nilipomsikia shemeji akipigwa nilipandisha sauti ya redio, wateja wangu wasijue mambo ya kwetu. Leo nimeizima. Niandikeni mimi shahidi." Kwa maneno hayo mama yao alimfukuza, na mpaka leo hakanyagi kwa mama yake, hata kwenye msiba.

Kicheko kilikatika, lakini askari wa zamu alibaki anakuna kichwa. "Dawati ni la wanawake na watoto. Huyu nimpeleke wapi?"

Koplo Stamili akatoka chumbani kwake. Alimtambua Ambakisye mara moja, na moyo ukamwuma. Miezi miwili nyuma mtu huyu alikaa kwenye benchi lake tangu asubuhi hadi saa sita mchana, na yeye alipopita alimwuliza kwa heshima zote, "Baba, umemsindikiza nani?" Ambakisye akajibu, "Hakuna," akaondoka. Stamili hakumfuata.

"Karibu ndani, kaka," alisema safari hii, akafunga mlango.

Daftari la dawati lilipigwa mistari na mkuu wa kituo mwenyewe: safu ya mwanamke, safu ya mtoto. Amri yake ilikuwa kwamba ukurasa usiguswe, maana takwimu hupelekwa kwa wakubwa vile vile. Stamili akachukua rula, akachora safu ya tatu, akaandika "mwanamume." Kisha akaandika yote, ya leo na ya miaka sita, akagonga muhuri. Mkuu akafoka, "Nani amekuruhusu?" Naye akajibu, "Afande, mtu ameumizwa. Ningemwandika mtoto?" Wiki haikuisha, akaondolewa dawatini na kupelekwa lindo la geti.

Lakini siku ile, kabla jioni haijaingia, Sekela alikuwa mikononi mwa polisi na uso wa Ambakisye ulikuwa salama. Baadaye mahakama ilimtia Sekela hatiani. Bila tabibu pasingekuwa na ushahidi. Bila shemeji yake, pangekuwa na kesi ya randa. Bila koplo, maneno yote yale yangeishia kaunta.

Mkono wa kulia ulipona vibaya, vidole viwili havikunjiki tena. Ambakisye aliambiwa kazi za ustadi ndiyo basi tena. Alikuwa na mbao za mninga alizozitunza kwa miaka, akazichukua, na kwa miezi minne, akitumia vidole vilivyobaki, akatengeneza kiti kimoja. Waliokiona wanasema hakuna aliyewahi kuona kiti kama kile. Kisha akatangaza: Jumamosi, mbele ya karakana, atawaeleza watu wote kila jeraha lake lilitoka wapi, wajue hakuwa fundi mbovu. Na aliyemwokoa atapewa kiti hicho, akikalie kando yake wakati anasimulia.

Mji mzima ukaja. Na wale watatu wakaja.

"Mpe koplo," Atuganile alisema. "Mimi nilipandisha redio."

"Mimi nilikuuliza umemsindikiza nani," alisema Stamili. "Mpe dada. Amempoteza mama."

Kyando aliinamisha kichwa tu.

Ambakisye aliwatazama mmoja mmoja. "Nawashukuru mpaka sina maneno," alisema, "na nina hasira nanyi. Kila nikimtazama mmoja wenu naona siku aliyoniokoa, halafu naona siku aliyoniacha. Nimeshindwa kuchagua."

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Kaa mwenyewe, fundi! Ni chako!"

Ambakisye akatikisa kichwa. "Mimi nimekaa peke yangu miaka sita."

Basi kiti kiko wazi, watu wamenyamaza, na fundi hataanza kusimulia mpaka mtu akae kando yake. Je, ungekuwa wewe, ungemkalisha nani?