Mama Aliyekung'uta Nyavu

Mama mmoja alipata kibarua msituni, na kibarua chenyewe, wapendwa, kilikuwa chepesi: kulinda nyavu. Watafiti walikuwa wametundika nyavu ishirini chini ya miti, kila mmoja mpana kama kanga iliyotandazwa, ili zidake majani yanayoanguka. Kila Ijumaa kijana mmoja mtafiti alikuja kuyakusanya, akayakausha na kuyapima kwenye mizani, akaingiza vipimo kwenye kompyuta. Kompyuta ilikuwa inafundishwa msitu ule: miti inakunywa maji kiasi gani, inarudisha kiasi gani angani, udongo unabaki na kiasi gani. Ikishaujua msitu, ingeweza kubashiri kama kijito cha kijiji kitavumilia ukame au kitakauka.

Mama hakuambiwa hayo. Aliambiwa tu, "Mbuzi wasizitafune, mama, na watu wasiziibe."

Ijumaa ya kwanza alimwona kijana akiinama wavu kwa wavu, akizoa majani, jasho linamtiririka. Roho ikamuuma. Mtoto wa watu, amesoma kote huko, leo anaokota takataka? Mama gani angevumilia? Basi kuanzia wiki iliyofuata, kila Ijumaa alitangulia asubuhi mapema, akakung'uta nyavu zote ishirini na kuyamwaga majani bondeni. Kijana alipofika alikuta machache tu, yaliyoanguka muda ule.

"Leo huchoki, mwanangu," alimwambia, akimpa viazi vitamu vya kuchemsha.

"Sichoki kabisa, mama. Msitu wenu una afya."

Mama akafurahi. Nani asingefurahi?

Ukame ukaja. Miti ikapukutisha majani kama mtu anayevua nguo kwa joto. Mama alijaza vikapu vitatu, vinne, akazidi kuwahi kuamka. Nyavu zikabaki nyeupe. Kompyuta nayo, kwa vile ilivyofundishwa, ikajibu kwamba miti haijasikia kiu na kijito kitafika hadi mvua. Wanakijiji walikuwa wanajiandaa kuhamishia ng'ombe kwenye mto mkubwa, mwendo wa siku mbili, wakati wangali na nguvu za kutembea. Waliposikia jibu, wakaghairi.

Wiki ya tatu kijito kikawa tope. Ya nne kikawa mchanga. Mama alikuwa na ng'ombe mmoja, na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakimlea kitinda mimba wake. Siku moja akamkuta ng'ombe huyo ameanguka pale kijitoni, mdomo umezama mchangani, kana kwamba bado anatafuta.

Ijumaa ile kijana alikuja msituni na makaratasi mkononi.

"Mama, sielewi. Miti yenye kiu hupukutika. Hii haikupukutika, nimepima mwenyewe."

"Imepukutika sana, mwanangu. Majani yako kule bondeni."

"Bondeni? Nani kayapeleka?"

"Mimi. Nilikuonea huruma, unavyoinama."

Akampeleka. Lundo lilimfika kijana kiunoni. Alilitazama, akaketi chini na suruali yake safi. Mama akamtazama usoni, naye akaketi kando yake.

"Ng'ombe wangu," alisema. "Nimemuua mimi?"

Kijana akamshika mkono. "Hapana, mama. Nimekuja hapa Ijumaa thelathini, nimekula viazi vyako, na sikukuambia hata mara moja natafuta nini. Kosa ni langu."

Wapendwa, mbona mmenyamaza? Mnamwonea huruma? Mimi pia. Lakini yule mama hakuambiwa.

Sisi je? Sisi hatukuambiwa?

Tumeambiwa tangu tukiwa mgongoni mwa mama zetu kwamba Mungu anatafuta kile kilichoanguka ndani yetu. Tena ametupa ndugu wa kutuuliza hali. Na sisi tunafanya nini? Tunaamka mapema, tunakung'uta. Mke na mume hawajasemeshana tangu Jumatatu, wanaingia hapa wameshika kitabu kimoja cha nyimbo. Dada hajalala wiki nzima kwa hofu, anaimba sauti ya kwanza. Mchungaji anatutazama, anaondoka akisema kanisa hili lina afya. Halafu siku moja tunaitwa msibani, tunashika vichwa, tunaulizana: alianza lini kukauka, mbona hatukuona?

Tungeona wapi? Na ajuaye kukung'uta vizuri kuliko wote ni nani, kama si sisi tunaojiita wema, tusiotaka kumsumbua mtu?

Tukimaliza ibada, mtu atakusalimia pale mlangoni, atakuuliza habari za nyumbani. Usiseme nzuri upesi. Mshike mkono, mvute pembeni, umwambie.